Povu la Hulba

Kwa miaka minane nilipika kila kitu katika hoteli ya mzee tuliyemwita Mpishi, isipokuwa hulba. Nilibandika mikate kwenye tanuri lake la udongo mpaka nyusi zangu zikaungua mara mbili. Nilisaga nyanya, pilipili na dania juu ya jiwe, nikakata mbuzi, nikachemsha supu tangu asubuhi. Lakini ilipofika zamu ya hulba, lile povu jeupe linalokaa juu ya salta, Mpishi aliniambia, "Mama Kabazi, toka hapo," nami nikatoka. Nasema wazi kwamba jambo hilo liliniuma, na lingeniuma hata leo kama si mchana mmoja wa mwaka jana ambao nitaueleza nikifika kwake.

Kwanza salta yenyewe, kwa asiyeijua. Ni mchuzi mzito wa nyama na viazi, chakula cha mchana cha Wayemeni, unaochemshiwa ndani ya chungu cha jiwe na kuletwa mezani ukiwa bado unatokota. Juu yake huwekwa pilipili ya kusaga, na juu kabisa hulba, yaani uwatu uliosagwa, ukalowekwa, kisha ukapigwa kwa mkono mpaka ukafura. Kijiko hakuna. Mnamega mkate, mnachota, mnakula wote kutoka chungu kimoja, tena upesi, kwa sababu salta iliyotulia si salta. Hoteli ya Mpishi ilikuwa Nakuru, upande wa nyuma wa msikiti, ina meza sita na chumba kimoja cha mikeka. Mpishi mwenyewe alikuwa mwembamba kama mtu asiyekula, na hiyo ilikuwa karibu kuwa kweli.

Mtu wa kwetu huzoea kuongea akila. Tunakula huku tukiulizana habari za ng'ombe, za shule, za nani ameoa. Kwa Mpishi ilikuwa mwiko. Siku ya kwanza nilipokula kwake, kabla sijawa mpishi, nilimega, nikaonja, na kwa furaha ya kweli nikasema kwa sauti, "Hii kitu ni tamu sana!" Nikaendelea kuisifu, nikamgeukia hadi jirani yangu mezani, dereva wa lori nisiyemjua, nikamsimulia kuhusu utamu wa kitu alichokuwa nacho mdomoni. Mpishi alikuja akasimama karibu nami na uso umemwanguka.

"Imepungua nini?" akaniuliza.

"Haijapungua kitu, mzee. Ni tamu."

"Sasa kama ni tamu, huu mdomo wa kuongea umeutoa wapi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kwake, watu wakiongea mezani maana yake chakula hakijawashika. Alikuwa akipita katikati ya meza akisikiliza kama nesi wa wodi, na meza iliyokuwa kimya kabisa aliipita kwa upole, bila hata kuangalia. Meza iliyoanza kuzungumza ilimrudisha jikoni akaonje supu upya. Maongezi yalikuwa na mahali pake, kile chumba cha mikeka. Mtu akishiba aliinuka hapo hapo, hakungoja wenzake, hakuaga, akanawa mikono na kwenda kuketi kwenye mito kando ya ukuta. Huko kulikuwa na chai ya maziwa yenye hiliki, na wengine siku za Ijumaa walitafuna miraa. Mpishi hakutafuna, alisema meno yake yamebaki machache na yote ni ya nyama. Lakini kuongea aliongea, jamani. Mtu aliyekunyamazisha mezani alikushika huko ndani saa nzima akikueleza jinsi mbuzi wa Baringo anavyomshinda mbuzi wa mahali pengine popote, na ukitaka kuchangia neno alikuinulia kiganja.

Nilivyofika kwake ni hadithi ya takataka. Wakati huo nilikuwa nashuka Nakuru kutoka kwetu Kabazi mara mbili kwa wiki na magunia ya dania na vitunguu vya majani, na yeye alikuwa mteja wangu mkali, wa kunusa kila fungu. Siku moja akaniuliza, "Kwenu kuna kahawa?"

"Iko, mzee. Kidogo."

"Ile mnayokausha na ganda lake, mbuni, mnaitwanga wenyewe?"

"Tunatwanga."

"Na maganda?"

"Tunatupia ndizi."

Alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaniomba nimletee gunia la maganda hayo, hata nusu gunia, na akaniambia yasiwe na ukungu. Nilipomweleza mama yangu nyumbani, aliacha kupepeta mahindi. Mama ni mtu wa kanisa na wa huruma, na huruma yake haina breki. "Mzee mzima anaomba maganda?" akasema. "Hao watoto wake wako wapi? Mpelekee kahawa ya ukweli. Hata kama ni maskini aje, asikunywe takataka." Akafunga kahawa yake nzuri ndani ya mfuko, ile aliyoiweka ya wageni wa Krismasi, na juu yake akaongeza mayai sita.

Mpishi alipokea nusu gunia la maganda nililombebea, akapokea na mayai. Kahawa aliinusa, akaipa bawabu wa duka la jirani. "Mama yako ananionea huruma," akasema, na nikaona kicheko kinamtetemesha mabega kabla hakijafika mdomoni. "Mwambie aje. Mwambie Alhamisi, saa saba, na asile kitu njiani."

Mama akaja na kofia yake ya kanisani. Mpishi alimketisha kwenye meza ya mbele, akaleta kwanza ule mkate wa matabaka mengi membamba, wenye siagi na asali, ambao kwao huliwa mwanzo, kumpa mgeni utamu kabla ya chumvi. Mama alikula kipande kimoja, akaniangalia kama kuniuliza kama nina hakika huyu ndiye maskini. Kisha chungu kikaja, kinanguruma, povu la hulba linapandapanda juu. Mpishi akakiweka, akarudi nyuma hatua moja. Mama akafumba macho akaanza kuomba.

Mama haombi kwa haraka. Aliombea mikono iliyopika. Aliombea wasafiri wote wa barabara ya Nairobi, wagonjwa wote wa hospitali kuu, viongozi, mvua, na ng'ombe wetu aliyekuwa karibu kuzaa na ndama wake alikuwa amekaa vibaya. Nilifungua jicho moja. Mpishi alikuwa amesimama na taulo mkononi, hamwangalii mama, anaangalia chungu. Mngurumo ulikuwa umeshuka ukawa mchemko, mchemko ukawa viputo viwili vitatu pembeni. Hulba ikaanza kuzama. Uso wa yule mzee ulinifanya nisikie aibu na huruma kwa pamoja, lakini nani anamkatiza mama akiwa kwa ndama?

Aliposema "Amina", Mpishi alichukua chungu akaondoka nacho.

Mama alibaki na mkono wenye mkate hewani. "Nimekosa nini?" akaninong'oneza. "Ni kwa sababu nimeomba kikwetu? Hataki jina la Yesu kwa nyumba yake?" Macho yalikuwa yameshaanza kulowa, na mimi nilikuwa tayari nimeshika kikapu chetu tuondoke. Ndipo Mpishi akarudi na chungu kile kile kikiwa kinanguruma tena, na hulba mpya juu.

"Mama," akasema kwa heshima zote, "Mungu amesikia. Salta ndiyo haikungoja."

Mama alicheka mpaka kofia ikakaa upande. Kisha akala, na nawaambieni alikula kimya, mama yangu ambaye huongea hata usingizini. Baadaye kwenye mikeka Mpishi akamletea kishri, kinywaji cha yale maganda yetu yaliyochemshwa na tangawizi na mdalasini. Mama akanywa vikombe vitatu. "Kumbe tumekuwa tukizipatia ndizi," akasema kwa uchungu, na tangu siku hiyo maganda yote ya kahawa kwetu yakawa ni ya Mpishi, ndizi zikajitafutia.

Kutoka siku hiyo pia hoteli ilipata sheria mpya. Wateja wengi wa mchana walikuwa Wakristo kama sisi, walimu, mafundi, watu wa soko. Mpishi alikuwa akichungulia kutoka jikoni, chungu kikiwa bado juu ya moto, na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mmemaliza kuomba?" Mkijibu "Bado", alingoja. Mkisema "Amina", alitoka mbio. Niliona wachungaji wawili wakubwa wakijifunza kuomba kwa ufupi katika hoteli ile.

Jumatatu iliyofuata aliniita jikoni kwake nikaanza kazi, na hapo ndipo nilipomjua. Mtu yule alikuwa akisema "kwetu" kwa maana ya Yemeni kutwa nzima. Kwetu asali ni hivi, kwetu mkate hukandwa vile. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba hajawahi kukanyaga Yemeni. Nilipomuuliza, hakuona haya hata kidogo. "Wewe umekanyaga mbinguni?" akaniuliza. "Na kila Jumapili si unapaimba?" Asali alinunua kwa mama mmoja tu wa Baringo, kwa sababu mizinga yake ilitundikwa karibu na mikunazi, na alidai huo ndio mti wa asali ya kwao. Asali nyingine aliirudisha kwa adabu, akiuliza habari za nyumbani kwa muuzaji.

Kuhusu kijiko alikuwa jiwe. Afisa mmoja wa polisi, mgeni mjini, aliketi siku moja akasema, "Boss, nipatie kijiko."

"Vijiko viko sokoni," Mpishi akamjibu, "mlango wa pili. Wana vizuri."

Afisa alimtazama, akatazama mkate, akanawa mikono. Alirudi wiki iliyofuata na wenzake watatu, na ndiye aliyewafundisha kumega. Lakini niliwahi kumtembelea Mpishi nyumbani Jumapili moja kumpelekea funguo, nikamkuta anakula githeri ya mahindi na maharagwe kwa kijiko, peke yake, redio imewashwa, huku akibishana na mtangazaji kwa sauti kubwa, mdomo umejaa. Nikamwangalia tu. "Nini?" akasema. "Hii ni salta?"

Na kwenye hoteli yake hakula kamwe. Mwenye nyumba hali mpaka mgeni ameshiba, ndivyo alivyoamini, na hoteli ina wageni mpaka inapofungwa. Alisimama nyuma ya migongo ya watu, akinyoosha mkono kuchambua nyama iliyo nono na kuisogeza mbele ya aliyeonekana mwenye haya. Kama nawe ulikuwa na adabu uliisukuma mbele ya mwenzako, naye kwa mwingine, na kipande kikazunguka chungu kizima kabla hakijapata mdomo. Hilo lilimfurahisha kuliko kitu chochote.

Sasa hulba. Nilimwomba anifundishe mwaka wa pili, nikamwomba mwaka wa nne, nikamwomba wa saba. Jibu halikubadilika. "Hulba ni mkono wa mwenye nyumba." Nilisikia kiburi katika maneno hayo, nikaona ananificha ujuzi kwa kuwa mimi si wa kwao. Nikaanza kujifunza kwa masikio. Kutoka kwenye jiwe langu la pilipili nilisikia maji yakimwagwa kwenye sinki mara tatu, kisha mkono ukipiga ndani ya bakuli, kwanza mzito, halafu mwepesi. Nyumbani nikajaribu. Mara ya kwanza sikumwaga maji ya kulowekea, ikawa na uchungu wa kumfanya mtu akunje hata masikio. Mume wangu alisema nyumba nzima inanukia dawa ya kikohozi. Ya pili haikufura. Ya kumi na kitu ilifura ikasimama kwa dakika moja, ikaanguka. Sikuacha. Mimi nikitaka kitu huwa siachi, na mama yangu ni shahidi.

Nilipopata nafasi ya kufungua hoteli yangu Mai Mahiu, chini ya mteremko, mahali malori yanapopumzika, nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilidhani atanibariki. Aliniuliza swali moja.

"Na hulba nani atapiga?"

"Mimi."

Akapangusa bakuli lake, akaliweka rafuni. "Utawapa watu povu la sabuni," akasema.

"Na wataomba kuongezwa," nikamjibu, nikatoka bila kunawa hata unga mikononi. Nililia njiani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Miaka mitatu hatukusemezana. Lakini kila msimu wa kahawa nilimtumia gunia lake la maganda kwa mkono wa jamaa anayeshuka Nakuru, na kila msimu aliyapokea, na hakuwahi kutuma asante. Ningeshangaa angetuma.

Hoteli yangu ilishika. Madereva wa malori wanapenda chakula kinacholiwa upesi na kinachokaa tumboni mpaka Malaba, na nusu yao ni Waislamu, kwa hiyo nyama nilinunua kwenye bucha yao tangu siku ya kwanza. Watu walisifu salta yangu. Walisifu kwa maneno, mezani, mdomo umejaa, na kila mara moyo wangu ulishuka kidogo. Sasa mnaelewa kwa nini. Yule mzee alikuwa ameniharibu, sifa haikuwa inaniingia tena. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama hulba yangu ni hulba, na mtu wa kuniambia alikuwa mmoja.

Mwaka jana nikasikia kwamba amefunga hoteli. Miguu ilikuwa imemkataa, na mtu asiyeweza kusimama hawezi kuwa mwenyeji. Binti yake anayeishi Mombasa alikuja kumchukua. Siku ya safari yao, kama saa saba mchana, gari dogo jeupe lilitoka barabarani likasimama kati ya malori mbele ya mlango wangu. Binti alishuka kwanza. "Dada, shikamoo," akaniambia. "Huyu mzee amekataa tupite barabara ya juu. Amesema lazima tushukie huku. Hataki kusema ni kwa nini."

Nilijua ni kwa nini.

Alishuka na fimbo, amekonda zaidi, kanzu safi. Hakunisalimu. Alisimama mlangoni akasikiliza hoteli yangu, akageuza kichwa taratibu, meza moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza, "Nyama nani amechinja?" Nikamtajia bucha. Akaitikia kwa kichwa, akaketi meza ya mbele na bintiye. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona ameketi mbele ya chakula cha hoteli.

Nilirudi jikoni nikawatoa wasaidizi wangu wote. Nilijisikia nikisema, "Tokeni hapo," kwa sauti ambayo haikuwa yangu, na ndipo, nikiwa na mkono ndani ya bakuli, nikaelewa. Hakunificha ujuzi. Masikio yangu alikuwa ameyaacha wazi miaka minane, na sinki lake lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye jiwe langu. Alichokataa kunipa ni nyumba yake. Anayepiga hulba ndiye anayemkaribisha mgeni, na mahali pale mwenyeji alikuwa yeye. Hapa nilikuwa mimi. Nilipiga mpaka bega likawaka. Ilifura, ikasimama. Nikaligeuza bakuli juu chini kupima kama hulba imeshika, na haikudondoka.

Chungu kikaanza kunguruma. Nikachungulia.

"Mmemaliza kuomba?" nikauliza.

Niliona mabega yake yakitetemeka. "Bismillahi," akasema. "Tumemaliza. Leta moto."

Nikakiweka mbele yake, nikarudi nyuma hatua moja, nikasimama. Alimega mkate, akapitisha kwenye povu, akala. Binti yake akaanza, "Baba, huyu si ndiye yule uliyekuwa unasema..." Mzee akainua kidole kimoja bila kumwangalia, naye akanyamaza. Nilinyoosha mkono nikachambua kipande kinono nikakisogeza upande wake. Akakisukuma upande wa bintiye. Wakala. Sikusikia kitu isipokuwa malori nje na mkate ukimegwa. Alikula mpaka akafuta chungu kwa kipande cha mwisho, pembeni hadi katikati, kisha akainuka papo hapo, akanawa, akashika fimbo, akaelekea kwenye gari. Hakuniaga. Hakunitazama hata usoni.

Nilimfuata nikiwa nimekibeba kile chungu kitupu, sijui kwa nini, kilikuwa bado cha moto na kilikuwa kinaniunguza kupitia taulo. Binti aliona haya kwa niaba yake. Alimfungia mkanda, akainama dirishani, akasema kwa sauti ili nami nisikie, "Baba jamani, hata asante? Si useme chakula kilikuwaje?"

Mpishi akamgeukia kwa mshangao wa kweli.

"Kwani," akasema, "umenisikia nikiongea?"